Wimbo Uliotoka Chumbani

Makina, Kibera
3 Februari 2025

Dada Marion,

Michoro imo ndani ya bahasha ya kaki. Nimempa jirani yako Jael pale soko la Toi alipokuwa akifunga kibanda chake cha mitumba, na ameahidi kuipitisha kwako kabla hajaingia kwake. Nimechora tabaga zote za nyanya yangu Haboba, vile vifuniko vyake vya kusuka vya kufunikia chakula cha harusi. Rangi nimejaribu kuzifuata, ila ile nyekundu ya zamani sikuipata kwenye kalamu zangu.

Najua ungependa nikupigie simu. Simu ya nyumbani ni ya Mama, na hata akiniachia, mtu akisema halo maneno yangu yote yanarudi tumboni. Ulipotufundisha kompyuta pale Mashimoni uliniacha nikuandikie maswali kwenye karatasi wakati wenzangu wanauliza kwa mdomo. Basi nitaendelea hivyohivyo.

Kadi ndogo ya memori iliyofungwa kwa selotepu ina sauti. Ni usiku wa hina wa dada yangu Ruweida, alipoolewa na Faisal. Uliniuliza doluka, ngoma yetu Wanubi, inapigwaje ili yule msichana wa kwenye gemu yako, anayebeba tabaga kichwani mlango hadi mlango, atembee kwa mdundo wa kweli. Sikuweza kueleza mdundo kwa maandishi, ndiyo maana nikarekodi. Wanawake wa upande wa bwana harusi wanakaa huku, sisi tunakaa kule, na Haboba Fatna ndiye anayeongoza kuwaimbia maneno ya kuwachokoza. Wao nao wanajibu. Wanaume hawaingii. Asubuhi hakuna anayekumbuka kilichoimbwa. Yaani wanakumbuka, lakini hakuna anayekisema.

Nilimwomba Haboba ruhusa kwanza. Aliuliza kama ni ya masomo. Nikamwambia ni ya masomo yako, mwalimu wangu. Akasema, "Masomo sawa. Lakini isipite kwa mwalimu ikaenda mbele."

Kwa hiyo naomba, sauti hii iwe kwenye ile gemu ya shule peke yake, ile ya kuonyesha wanaokusahihisha. Hiyo nyingine mnayotengeneza na Chris ya kuuza, mtafute mwimbaji mwingine na maneno mengine.

Matokeo yangu ya kidato cha nne ni B. Mama alilia kwa furaha. Mimi bado sijui nifurahie nini mpaka nijue nitasomea nini.

Wako,
Rania


Kawangware
9 Februari 2025

Rania mrembo,

Sasa mdogo wangu? B si mchezo. Mimi nilikuwa na C ya kuongeza na bado nikafika huku, kwa hiyo usinitishie na unyenyekevu wako.

Michoro imefika bila kukunjika. Chris Okoth, yule mwenzangu wa kuandika kodi za kompyuta, aliishika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga, na huyo jamaa hashangai hovyo. Sauti tumeisikiliza tukiwa na vipokea sauti masikioni, kila mmoja upande mmoja. Rania, sina neno. Nimesikiliza ngoma za kununua mtandaoni mwaka mzima, zote ni bati zikilinganishwa na hiyo.

Nakuahidi. Ya shule itakuwa na sauti, ya soko haitakuwa nayo. Hata hivyo chuo kinakataza kuuza kazi ya shahada kabla haijapewa alama, kwa hiyo lazima ziwe gemu mbili, kila moja kwenye folda yake. Asubuhi naandika tasnifu ya uzamili, kuhusu mchezaji anajifunzaje mila kwa vidole. Mchana nasahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza ili chuo kinipunguzie karo. Jioni nakuja kwa Chris kutengeneza gemu yenyewe. Msimamizi wangu, Dkt. Kaveke, anasema shahada ya uzamili haifanywi kwa mkono wa kushoto, nichague. Chris naye akiniona nimechelewa ananiita Mshika Mawili, badala ya jina langu. Siku hizi naitikia.

Swali moja. Pale mwisho Haboba anaimba mstari, kunakuwa kimya kidogo, halafu chumba kizima kinalipuka kwa kicheko. Anasema nini? Kinubi changu ni cha salamu tu. Nitafsirie, Dkt. Kaveke lazima ataniuliza.

Dadako,
Marion Adero


Makina
20 Februari 2025

Dada Marion,

Pale mwisho ni utani tu wa harusi. Anamtania Mama Faisal, mama mkwe wa Ruweida, kuhusu upishi wake. Kwa Kiswahili haichekeshi sana.

Nimechora milango uliyoomba. Huo wa bluu wenye mpasuko ni wetu. Nilitaka kukuuliza, mtu akitaka kusomea mambo yako lazima awe hodari wa hesabu? Nina B ya kawaida kwenye hesabu na A kwenye sanaa. Sijamwambia mtu nyumbani. Mama anataka uuguzi na Baba anataka chochote chenye mshahara. Nikiwa nachora milango hii nilisahau kula, na nikajiambia labda hiyo ndiyo maana ya kujua unachotaka.

Ulisema likizo utanipeleka kwa Chris nione michoro yangu ikitembea. Sikukumbushi kwa ubaya.

Ruweida anawasalimu. Kwake ni mtaa wa pili tu, lakini Mama Faisal anampenda hadi tunamwona kwa nadra. Kila Ijumaa wanapika pamoja.

Rania


Kawangware
2 Mei 2025

Rania wangu,

Nisamehe ukimya. Tasnifu na maonyesho ya watengenezaji gemu vilianguka wiki moja. Nilikuwa naandika sura ya mwisho huku Chris ananiita nije niangalie msichana wetu amekwama ukutani. Nililala juu ya kibodi nikaamka na herufi shavuni.

Lakini sikia. Nimetetea tasnifu, na nimepita. Dkt. Kaveke, ambaye hatabasamu, alitabasamu. Na kwenye maonyesho watu walipanga foleni mbele ya meza yetu. Kuna kampuni ya ng'ambo, sitaitaja kwanza, walikaa pale wakacheza mara tatu wakarudi na bosi wao. Gemu iko kwenye duka la programu za simu tangu wiki jana, na wameipakua watu ambao sitawahi kuwajua. Michoro yako iko mikononi mwao. Jina lako lipo mwisho, Rania wa Makina, kama ulivyotaka, bila jina la ukoo.

Kila kitu kilienda mbio, Chris ndiye aliyeipakia wakati mimi nimezimika juu ya meza. Iweke kwenye simu ya Mama. Mwonyeshe Haboba, mwambie Marion anamshukuru sana.

Likizo naikumbuka. Mwezi huu.

Marion


Makina
6 Mei 2025

Dada Marion,

Niliiweka kwenye simu ya Mama nikaicheza jikoni peke yangu. Nilipofika mlango wa mwisho nikasikia sauti ya Haboba. Si mdundo tu. Ni Haboba, na ni mstari ule.

Kufikia hapo nilikuwa nimechelewa. Ijumaa kabla ya swala, baba yake Faisal, Mzee Abdelrahim, alikuwa amekaa kwenye kiti cha Umar kinyozi. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu alikuwa anacheza gemu, sauti juu. Umar mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Anasema kwanza walicheka kwa kusikia Kinubi ndani ya simu, wakasogea, kila mtu anasema nipe nijaribu. Wakafika mlango wa mwisho.

Sikukuambia ukweli uliponiuliza. Niliona aibu. Si upishi. Haboba anaimba hivi: Mama Faisal, funika chungu chako vizuri, mzee wako hula Makina, kisha huenda kushiba Kawangware. Mzee Abdelrahim ana nyumba nyingine huko kwenu, na watoto. Makina yote inajua, na Makina yote ilikuwa haijawahi kusema. Mama Faisal alibeba jambo hilo miaka akisalimiwa kama halipo. Usiku ule wa hina ndipo lilipotajwa mbele yake, na alicheka hadi akashika mbavu, akasimama akamjibu Haboba kwa wimbo wa upara wa ami yangu. Ndiyo kazi ya chumba kile. Mwanamke anacheka na wenzake jambo ambalo nje lingemuua, halafu mlango unafunguliwa na jambo linabaki ndani.

Umar alizima mashine. Anasema hakuna aliyecheka. Mzee aliondoka nusu ya kichwa kimenyolewa, na kofia yake akaisahau.

Haboba alipoambiwa hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani amenitoa nje?" Nikasema ni mimi. Nikataka kuongeza habari ya folda mbili, lakini hayo ni maneno ambayo hayana Kinubi.

Tafadhali itoe. Leo, kama unaweza. Wengi bado hawajaisikia.

Rania


Kawangware
8 Mei 2025

Rania,

Nimesoma barua yako nikakaa chini sakafuni. Ni kosa. Chris alichukua folda ya shule akadhani ndiyo ya soko. Zilikuwa zinafanana majina, na sote tulikuwa tumechoka kama punda. Mwambie Haboba ni kosa la uchovu, si la dharau.

Nitaitoa. Nakuomba wiki moja tu. Ile kampuni ya ng'ambo inaipitia sasa hivi kabla ya mkataba, na tukibadilisha kitu katikati wataanza upya au wataondoka. Mkataba ukiisha kutiwa sahihi tunaweka toleo jipya, sauti nyingine, maneno mengine. Wiki moja.

Na ungeniambia maana yake, Rania. Sikulaumu. Nasema tu ungeniambia.

Marion


Makina
1 Juni 2025

Dada Marion,

Wiki ilipita na nyingine zikaifuata. Ruweida amerudi nyumbani na begi. Anasema ni kwa siku chache. Mama Faisal hamtukani, hamfukuzi, anampikia chakula chake kando na kumwekea mezani bila kusema neno. Ruweida anasema afadhali angetukanwa.

Jumatano nilikuja Kawangware. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia nisingekuja. Jael alinielekeza hadi kile chumba cha juu ya duka la dawa. Hukuwepo, ulikuwa chuoni, nikamkuta Chris. Akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye Rania? Kumbe mtu wa michoro mwenyewe ni kadogo hivi. Ingia, kanyaga hizo nyaya, hazina moto." Akanionyesha msichana wetu akitembea kwenye ukuta mzima kwa projekta. Nilikuwa nimengoja kuona jambo hilo tangu Februari. Nililiangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake kupitia dirisha la jirani.

Nikamwuliza, kwa sauti, na sijui ilitoka wapi, kwa nini alichanganya folda. Hakuelewa. Ilibidi nirudie. Akaacha kuchezea kipanya.

"Sikuchanganya kitu," akasema. "Zilikuwa mbili hapa mezani. Nikamwuliza Marion, nipakie gani? Akasema ile ya nyanya."

Nikamwambia ulikuwa umelala.

"Nani, Marion? Alikuwa hapo ulipo, anakula chapati."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani hakujua kuna jambo la kuficha. Aliponiona uso alininunulia soda, na akasema nyinyi wawili mtaongea, Mshika Mawili ana moyo mzuri ila ana haraka.

Sitaki kuandika maneno makali. Sijui kuyaandika. Nataka tu uniambie wewe mwenyewe.

Rania


Kawangware
4 Juni 2025

Rania,

Ndiyo. Nilichagua.

Hukuwepo chumbani wakati tunajaribu ile nyingine. Tulimlipa dada mmoja wa kwaya, sauti nzuri, akaimba maneno safi. Watu wa kujaribu waliicheza hadi mlango wa pili wakaweka simu chini. Tukawapa ile ya Haboba, wakakaa. Hawakuelewa hata neno moja na bado walikaa. Dkt. Kaveke aliniambia usoni kwamba ile isiyo na sauti ni zoezi la darasani. Nimekula mandazi na chai kwa miaka miwili kwa ajili ya gemu hii. Mama yangu Mashimoni anafikiri nasomea kucheza. Nilipokuwa natafuna ile chapati nilikuwa na dakika ya kuamua nani nitamvunja moyo, na nikasema moyoni, hicho ni Kinubi, ni nani duniani atakielewa?

Najua sasa. Wanaoelewa ni wale wale ambao hawakupaswa kusikia. Ungeniambia maana yake nilipokuuliza, labda ningechagua vingine. Labda. Naandika labda kwa sababu umeniomba ukweli.

Kampuni imetia sahihi. Sauti imo kwenye mkataba, wameitaja peke yake kwenye kifungu chake. Siwezi kuitoa tena hata nikitaka. Nimeweka jina la Haboba, Fatna wa Makina, na sehemu ya mapato itakuwa yake, nitaileta mwenyewe.

Na wewe nataka uje. Kampuni imetupa nafasi ya mchoraji mmoja wa kudumu. Nimewaambia ni wewe, hawataki hata kukuhoji. Utaanza Septemba, na chuo nitakusaidia kuomba jioni. Ni kile kitu ulichosema kinakufanya usahau kula. Usikikatae kwa sababu ya hasira kwangu.

Marion


Makina
19 Julai 2025

Dada Marion,

Nimechukua muda kujibu kwa sababu nilitaka kukubali. Nakuambia ukweli kwa kuwa na wewe hatimaye uliniambia. Niliiweka barua yako chini ya godoro, na kila asubuhi niliamka nikiwa nimekwisha kukubali, hadi nilipomwona Haboba akitandika mkeka wake wa kusukia. Sitakuja Septemba. Nimejiandikisha uuguzi kama Mama alivyotaka.

Haboba hataki mapato. Nilimweleza vizuri, kwamba ni haki yake. Akaniuliza mtu huuza vipi kicheko cha Mama Faisal, na kama kikiuzwa, yeye Mama Faisal anapata nini. Nikamwambia nitakuuliza. Usijibu.

Ruweida amerudi kwa Faisal. Mzee Abdelrahim alihamia Kawangware moja kwa moja, kwa kuwa hakukuwa tena na sababu ya kwenda na kurudi. Watu wanasema ni heri mambo yakawa wazi. Wanaosema hivyo ni wanaume. Mama Faisal haendi harusini tena, na Ijumaa anapika peke yake.

Juzi kulikuwa na usiku wa hina kwa jirani yetu, binti yao Zamzam anaolewa. Haboba alialikwa, kwa sababu haiwezekani kutomwalika. Alivaa gurbaba yake mpya ya kujifunga, nikambebea doluka kama ninavyombebea tangu nikiwa darasa la pili. Unanijua, mimi siongei mahali popote, lakini katika chumba kile sikuhitaji kuongea. Nilikuwa nakaa nyuma ya goti la Haboba, nashikilia ngoma isiteleze, na nilikuwa mtu kamili.

Mlangoni waliweka beseni la plastiki la kukusanyia simu. Kila mwanamke aliweka yake, wakitaniana, huyu akimwambia yule asiibe ya mwenzake iliyo na kioo kizima. Nilipofika, mama yake Zamzam akaipokea ngoma mikononi mwangu. Akasema, "Wewe kaa hapa nje, mwanangu, utulindie simu." Alisema kwa upole. Hata alinishika shavu. Haboba alikuwa amekwisha kuingia, au labda alisikia na hakugeuka.

Nikakaa kwenye stuli. Mlango ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya joto. Walipiga, wakaimba nyimbo zile za kila mtu, za kumsifu Mtume na za kumsifu bibi harusi. Hakuna aliyechokozwa. Upande huu ulisifu upande ule, na upande ule ukashukuru. Kisha wakainuka rafiki zake Zamzam, wasichana wa Nyayo Highrise aliosoma nao, hawajui Kinubi, wamechangamka, wakamwomba Haboba aimbe ule wa kwenye gemu. Mmoja alianza kuupiga makofi, na aliupata mdundo vizuri kabisa. Waliujua mlango kwa mlango.

Haboba akawaambia, kwa Kiswahili ili waelewe, "Huo si wangu. Huo ni wa simu."

Wakadhani ni utani, wakacheka. Walicheka peke yao. Kisha mtu mwingine, sikutambua sauti, akaanzisha wimbo tofauti, na wanawake wakaupokea polepole. Mama yake Zamzam akaja, akanitazama, akausukuma mlango ukafungika.

Rania